Mwanao Kaachwa Kwenye Timu ya Heshima ya Besiboli? Soma Hapa Kabla Hujamwendea Kocha

Kila mwezi wa Mei, ligi za besiboli za shule za sekondari hapa Texas zikiwa zimekwisha, simu yangu hujaa ujumbe kutoka kwa wazazi wenzangu, Watanzania, Wakenya na Wakongo tunaoishi Houston na Dallas. Swali ni lile lile: orodha ya timu ya heshima imetoka, kijana hayumo, na mwenzake ambaye nusu ya msimu alikuwa benchi yumo. Tufanye nini, dada? Nimekuwa nikijibu mmoja mmoja. Leo nawaandikia wote kwa pamoja, kwa kuwa nimetunza kitabu cha alama cha timu ya kijana wangu kwa misimu kadhaa, na kazi hiyo imenionyesha mambo ambayo mzazi aliyekaa jukwaani hayaoni.

Kwanza tuelewane timu yenyewe ni kitu gani. Sisi tuliopitia UMISSETA, michezo ya shule za sekondari Tanzania, tulizoea kuchujwa kuanzia shule, kata, wilaya, hadi mkoa, na ukichaguliwa unafunga begi unakwenda kambini, kisha unacheza. Timu ya heshima ya huku, kwa kawaida, haichezi mechi hata moja. Ni majina kwenye karatasi: kikosi cha kwanza, kikosi cha pili, na wale waliotajwa tu kwa heshima, pamoja na tuzo chache za juu kama mchezaji bora wa kundi na mrushaji bora. Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Timu ya mkoa ikichaguliwa kwa upendeleo, itafungwa na kila mtu atajua sababu. Timu ya karatasini haifungwi na mtu, kwa hiyo hakuna siku ambayo uwanja utawasahihisha waliochagua. Haki yote iko kwenye utaratibu wa kuchagua, na ndiyo maana mzazi ana kila sababu ya kuuliza utaratibu huo ukoje.

Hapa Texas, UIL ndiyo inayosimamia mashindano ya shule, na imekuwapo kwa zaidi ya miaka mia moja. Inazipanga shule kwa idadi ya wanafunzi, kuanzia 1A hadi 6A, halafu inaziweka kwenye makundi ya ujirani na kuyapanga upya kila baada ya miaka miwili. Lakini wachezaji wa heshima wa kundi huchaguliwa na makocha wa kundi lenyewe. Ligi ikiisha wanakutana, au siku hizi wanapiga kura mtandaoni, kila mmoja akiwa na majina na takwimu zake. Katika makundi mengi kocha haruhusiwi kumpigia kura mchezaji wake mwenyewe, na hilo ni jambo jema. Katika mengine, nafasi hugawanywa kufuata msimamo wa ligi: shule iliyoongoza inapata nyingi, iliyoshika mkia inapata moja, labda mbili.

Huo mgao siukubali, na nitausema popote. Tuzo inatolewa kwa mchezaji mmoja mmoja, lakini nafasi zinagawiwa kwa shule. Matokeo yake mpigaji wa saba wa timu bingwa anaingia, na mpigaji bora wa timu dhaifu, ambaye warushaji wote wa kundi walikuwa wakimwogopa, anabaki nje kwa sababu nafasi pekee ya shule yake imechukuliwa na mrushaji wao. Tena katika timu dhaifu mpigaji mzuri hapewi mipira ya kupiga. Mrushaji anamkwepa makusudi, anampa besi ya bure, yaani anamwachia afike kituo cha kwanza bila kupiga, kisha anashughulika na anayefuata.

Nawapa mfano wa mtu anayejulikana. Albert Pujols alihamia Marekani kutoka Jamhuri ya Dominika akiwa kijana, akasoma sekondari ya Fort Osage huko Independence, Missouri. Msimu wake wa mwisho pale alipewa besi za bure mara 55. Alibakiwa na nafasi 33 tu za kupiga, na katika hizo alitoa mipira 8 nje ya uzio (home run). Mchaguzi anayehesabu mapigo peke yake angeona kijana mwenye namba ndogo. Waliomwona uwanjani hawakudanganyika, na alichaguliwa kwenye timu ya heshima ya jimbo zima. Hata hivyo timu za kulipwa zilimwacha hadi raundi ya 13 ya kuchagua wachezaji wapya mwaka 1999, mchezaji wa 402 kuitwa, na alipostaafu 2022 alikuwa ameshapiga mipira 703 nje ya uzio. Mzazi ambaye mwanawe hupewa besi za bure mara kwa mara, hakikisha besi hizo zinaonekana kwenye takwimu anazokwenda nazo kocha wenu kwenye kikao.

Tuzitazame hizo takwimu, maana wazazi wengi mnadhani zimeshuka kutoka mbinguni. Zinaandikwa na mtu kama mimi, mzazi wa kujitolea mwenye simu mkononi na programu ya kuhesabia. Kijana anapiga mpira wa chini kuelekea kwa mlinzi aliye kati ya besi ya pili na ya tatu. Mlinzi anaugusa, unamponyoka, mpigaji anafika besi ya kwanza. Ni pigo safi au ni kosa la mlinzi? Kanuni inasema ni kosa iwapo mlinzi angeweza kumtoa mpigaji kwa juhudi ya kawaida. Sasa juhudi ya kawaida ya kijana wa miaka kumi na sita ni ipi? Naamua mimi, papo hapo, huku mama wa mpigaji amekaa kiti cha pembeni yangu. Nikiandika pigo, wastani wa mpigaji unapanda. Nikiandika kosa, haupandi, na mrushaji wa upande wa pili anasalimika. Fanya hivyo mara moja kila mechi kwa msimu mzima, na mpigaji wa kawaida anageuka nyota kwenye karatasi. Nimeona mechi moja iliyoandikwa na watunza alama wawili, mmoja wa kila timu, na mtu angedhani walikuwa viwanja tofauti.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: jifunzeni kutunza alama, mjitolee. Timu nyingi zinamtafuta mtu wa kazi hiyo na hazimpati. Usijitolee ili umpendelee mwanao. Mwandikie kosa pale panapostahili kosa, hata akinuna njiani kurudi nyumbani. Kocha akishajua kwamba kitabu chenu ni cha kweli, atakitetea kikaoni bila wasiwasi, na makocha wengine nao hujifunza haraka vitabu vipi ni vya kuaminika na vipi si vya kuaminika.

Kuna kazi ambazo kitabu hakizioni kabisa. Kijana wangu ni mdakaji. Mkimbiaji yupo besi ya tatu, mpira unarushwa chini vumbini, mdakaji anauzuia kwa kifua na mkimbiaji habanduki. Timu imeokolewa, na kwenye kitabu hakuna alama hata moja. Mlinzi wa katikati anayewahi mahali pa kusimama kabla mpira haujapigwa, naye ni hivyo hivyo. Wachezaji wa aina hii hutegemea kocha wao awasemee kwa maneno. Si kila kocha ni msemaji. Mwombe kijana wako amwandikie kocha mistari michache kabla ya kikao: nafasi alizocheza, wakimbiaji aliowatoa, mechi alizocheza akiwa ameumia kidole. Najua tumewalea watoto wasijisifu mbele ya wakubwa, na malezi hayo ni mazuri, lakini kumpa kocha kumbukumbu sahihi si majivuno. Wenzao wanafanya hivyo tangu wadogo.

Fikirieni pia makocha wengine wamemwona mwanao mara ngapi. Kwa kawaida mnakutana na kila shule ya kundi mara mbili, mara nyingi Jumanne na Ijumaa za wiki hiyo hiyo. Mechi ni ya awamu saba, mpigaji anapata zamu tatu au nne. Hiyo ni kama zamu saba tu kwa msimu mzima mbele ya macho ya mtu atakayempigia kura! Akiwa na mafua wiki hiyo, basi. Warushaji hali yao ni ngumu zaidi. Tangu 2017 shirikisho la michezo ya shule za sekondari nchini, NFHS, limeyataka majimbo yaweke kikomo cha mirusho na siku za mapumziko ili kulinda mikono ya vijana. Kanuni hiyo naiunga mkono kwa moyo wote. Lakini mrushaji wa tatu wa timu, anayebeba mechi za kirafiki ili wenzake wapumzike, anaweza kumaliza msimu bila kuonekana na nusu ya wapiga kura.

Pengo hilo linajazwa na kufahamiana. Makocha wanawajua zaidi vijana wanaocheza timu za kusafiri wakati wa kiangazi, zile za kulipia, ambako ada, hoteli na mafuta hufikia maelfu ya dola kwa mwaka. Jina ambalo kocha amelisikia kiangazi kizima humjia kwanza anaposhika kalamu. Namkumbuka mrushaji mmoja wa timu yetu, wa familia ya Kikongo, baba na mama wote wakifanya kazi zamu ya usiku. Kiangazi chake kilikuwa cha kulea wadogo zake. Alirusha vizuri kuliko wawili waliowekwa mbele yake, na nilikuwa na kila mrusho wake kwenye kitabu. Hakuna aliyemchukia. Hawakumjua tu, na kutojulikana kulimgharimu sawasawa na chuki. Kama huna fedha za timu za kusafiri, zipo ligi za mtaa za kiangazi za bei nafuu, na kambi za siku moja kwenye shule jirani ambazo makocha hao hao wa kundi huziendesha. Mpeleke hata moja.

Zipo pia zile kura za mtandaoni za mchezaji bora wa wiki. Huwa zinatumwa kwenye makundi yetu ya WhatsApp, tupige kura, tumsaidie mtoto wetu. Pigeni mkipenda, lakini msizihesabu kuwa kipimo. Mwaka 1957 mashabiki wa Cincinnati walijaza kura za mchezo wa nyota wa ligi kuu, gazeti la mji likiwachapishia karatasi zilizokwisha kujazwa, hadi wachezaji saba wa timu yao wakachaguliwa kuanza. Kamishna Ford Frick aliwaondoa wawili, akawaweka Willie Mays na Hank Aaron, nyota wa timu nyingine, kisha mashabiki wakanyang'anywa haki ya kupiga kura hadi 1970. Pamoja na upungufu wote niliousema, bado nawaamini makocha waliosimama uwanjani kuliko umati wenye simu.

Sasa kuhusu kumwendea kocha. Nenda Februari, kabla ligi ya kundi haijaanza, wakati hakuna mwenye kidonda. Uliza kwa utulivu: kundi letu linachaguaje? Nafasi ni ngapi? Zinagawanywa kwa shule? Takwimu zipi zinapelekwa, za ligi peke yake au za msimu wote? Mimi niliuliza, na kocha wetu alifurahi kuulizwa, akanieleza mpaka nikaelewa. Maswali hayo hayo yakiulizwa Mei yanakuwa mashtaka. Kama mgao unafuata msimamo wa ligi, mwombe kocha apeleke hoja ya kuubadilisha kwenye kikao cha makocha. Wazazi wa shule mbili tatu mkisema jambo moja, kwa adabu na mapema, lina nafasi ya kusikika.

Na Mei ikifika, orodha imetoka na jina halimo, kabla hujaandika barua yoyote muulize kijana mwenyewe: wewe ungemchagua nani? Nilimuuliza wangu mwaka alioachwa. Akanitajia mdakaji wa shule nyingine, akanieleza mipira miwili ambayo yule kijana aliizuia mbele yake, na jinsi mkono wake ulivyo mwepesi kurusha besi ya pili. Vijana hawa wanajuana. Akikutajia yule aliyechaguliwa, hasira iliyobaki ni yako wewe mzazi, ishughulikie mwenyewe. Akikwambia ameonewa na sababu zake zinaingia akilini, yeye ndiye azungumze na kocha, ana kwa ana, siku isiyo ya mechi, na aulize afanye nini mwakani.

Wengi wenu hofu yenu hasa ni chuo. Niwatoe wasiwasi. Wanaotafuta wachezaji wa vyuo hupima kasi ya mrusho na mbio, hutazama video, na huomba ripoti ya masomo. Timu ya heshima ya kundi ni mstari mmoja tu kwenye barua. Ufadhili wa besiboli nao umekuwa mwembamba: hadi 2025 chuo cha daraja la kwanza la NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, kilikuwa na ufadhili kamili 11.7 tu wa kugawana wachezaji wengi. Sasa vyuo vilivyoingia kwenye utaratibu mpya wa ufadhili vina kikomo cha wachezaji 34 badala yake, lakini si kila chuo kina fedha za kuwalipia wote. Familia nyingi ninazozijua zimepata nafuu kubwa zaidi ya ada kwa alama za darasani.

Ndiyo maana nawasihi msiidharau timu ya heshima ya kitaaluma, ambayo makundi mengi hapa huitangaza pamoja na ile ya uchezaji. Hiyo haina kikao wala mgao wa shule. Kuna wastani wa alama uliotajwa mapema, na kila mchezaji wa kikosi cha kwanza cha shule aliyeufikia anaandikwa, awe wa timu bingwa au ya mkiani, awe anajulikana au hajulikani. Wastani huo hutofautiana kati ya kundi na kundi, na jina lisipopelekwa na kocha kabla ya siku ya mwisho halitaingia. Kwa hiyo ile Februari unapokwenda kuuliza, uliza na hilo, uiandike tarehe ukutani.