Kabla hujaziba madirisha ya maktaba ya zamani

Nilikuwa kwenye kamati ya ukarabati wa maktaba ya chuo kikuu, jengo la miaka ya 1960 lenye dari ya juu na madirisha ya luva, yaani vibao vinavyopitisha upepo, pande zote mbili. Wanafunzi walilalamikia joto na ukosefu wa soketi za kuchajia laptopu, na walikuwa na haki. Soketi tukaziweka. Kosa letu ni kukubali luva zing'olewe, viwekwe vioo visivyofunguka, na viyoyozi vifungwe kila ukumbi.

Masika ya kwanza, umeme ulikatika Ijumaa jioni, ukarudi Jumatatu. Genereta ilikuwa ya taa tu. Nilipofungua mlango, harufu ilinipokea kabla sijaona kitu. Nikachomoa juzuu la ripoti za kesi kwenye rafu ya chini, ile iliyogusana na ukuta: mgongo wake umeota utando wa kijivu, na nilipougusa ukanata kidoleni.

Tulikaa wiki sita tukivisimamisha vitabu wima, kurasa zimeachana, mbele ya feni. Usivianike juani, majalada hupinda na wino hufifia. Vingine hatukuviokoa, na bado vinaniuma.

Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 65 siku kadhaa mfululizo, ukungu huota. Wajenzi wa zamani walilijua hilo bila kipimo, ndiyo maana waliacha upepo upite. Kwa hiyo kiyoyozi kipe chumba kimoja cha makavazi, yaani cha kumbukumbu na nyaraka za kale, chenye umeme wake wa akiba. Kumbi ziachie luva na feni. Rafu zisigusane na ukuta wa nje. Na usihamishie rafu kwenye ukumbi wa kusomea kabla mhandisi hajapima sakafu. Mita moja ya vitabu vya sheria yaweza kuzidi kilo 30.

Usibane pesa kwenye milango ya kuzuia moto. Tarehe 18 Aprili 2021 moto wa mlimani uliteketeza ukumbi wa kusomea wa maktaba ya Jagger, Chuo Kikuu cha Cape Town. Milango ya aina hiyo ilishuka yenyewe, ikanusuru sehemu kubwa ya hazina, ingawa maji ya zimamoto yaliingia hadi ghorofa ya chini ya ardhi. Basi panga pia njia ya maji hayo kutoka nje.

Kwetu luva za upande wa magharibi zimesharudishwa. Saa tisa alasiri, viti vya pale ndivyo vinavyojaa kwanza.