Maswali ya Mafundi: Kwa nini meno ya upande mmoja tu yanalika?

SWALI: Mhariri, mimi ni fundi mitambo katika kiwanda kimoja cha Eneo la Viwanda, Nairobi. Tuna giaboksi ambayo nusu ya meno ya gia zake imelala kushoto na nusu kulia, mfano wa herufi V. Shafti ya gia ndogo ilikuwa ikicheza mbele na nyuma. Nikaona ni ubovu, nikaondoa beringi zake za rola na kufunga za gololi zinazoishika imara. Sasa meno ya upande mmoja yanalika na beringi moja inachemka. Nimekosea wapi?

JIBU: Ndugu fundi, mchezo ule uliouondoa ndio uliokuwa ukiilinda giaboksi yako.

Jino la mshazari, likisukumwa, huisukuma pia shafti kuelekea mwisho wake. Tuchukue mota ya kilowati 30 inayozunguka mara 1,500 kwa dakika, gia ndogo yenye kipenyo cha milimita 100 na mshazari wa nyuzi 30. Kani inayozungusha meno ni Nyutoni 3,820 hivi. Nusu mbili za meno zikigawana kani hiyo sawasawa, kila nusu huisukuma shafti kwa Nyutoni 1,100 hivi, moja kushoto na nyingine kulia, nazo hubatilishana. Lakini mgawanyo huo haujiletei wenyewe: ncha za V za gia mbili hazilingani kikamilifu kamwe, kwa hiyo lazima shafti moja iwe huru kusogea hadi nusu zote mbili zibebe mzigo sawa. Kwa kawaida shafti ya gia kubwa ndiyo hushikwa, na ile ndogo huachwa ijitafutie mahali pake. Ndiyo maana ilikuwa na beringi za rola zisizo na ukingo kwenye ringi moja, zinazoiacha shafti iteleze.

Ulipozishika shafti zote mbili, nusu moja ilibaki na mzigo wote. Katika mfano wetu, meno yake yanabeba mara mbili ya kiasi chake, na beringi inasukumwa kwa Nyutoni 2,200 zisizo na mpinzani. Joto nalo huongeza taabu, kwa sababu shafti ya chuma yenye urefu wa milimita 600 ikipata joto la nyuzi 40 zaidi hurefuka kwa zaidi ya robo milimita.

Rudisha beringi za aina ya awali. Kisha ikague kapulingi ya mota, yaani kiungo kati ya shafti ya mota na ya giaboksi, jambo ambalo mafundi wengi hulisahau: kapulingi ya meno iliyokauka grisi hukwama, ikaishika shafti hata kama beringi zake ziko huru. Mota ikiwa imezimwa na umeme umefungiwa, zungusha kwa mkono uhakikishe shafti ndogo inasogea bila kukwama.

Uhuru huo, hata hivyo, hautibu shafti zisizo sambamba. Husawazisha mzigo kati ya nusu mbili, ilhali ndani ya kila nusu mguso unaweza kubaki kwenye mwisho mmoja tu wa urefu wa jino. Paka meno rangi ya kukagulia, uzungushe chini ya mzigo mdogo, uangalie alama. Zikiwa pembeni, rekebisha usambamba wa shafti kabla ya kuirudisha giaboksi kazini.