Vibarua wananiachia buku, meneja anataka niandike majina hewa, nifanyeje?

SWALI: Assalaam alaykum shekhe. Mimi ni supavaiza kwenye saiti ya ujenzi hapa Dar, asubuhi vibarua wanajaa getini na mimi ndo nachagua nani aingie. Jioni wakishalipwa kuna wanaoniachia buku, buku mbili, sijawahi kuwaomba hata siku moja. Halafu meneja anataka kwenye daftari la mahudhurio niwe naongeza majina mawili ya watu ambao hawapo. Nina familia, nikikataa kazi sina.

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah ndugu yangu. Allah akulipe kwa kuuliza maana wengi wanakula kimya kimya.

Tuanze na hiyo buku, kwa sababu naona umeipita harakaharaka. Unasema hujawaomba, sawa nakuamini. Ila Ibn al-Lutbiyya naye alisema kazawadiwa tu, Mtume (s.a.w.) alimtuma akakusanye zaka za Bani Sulaym, aliporudi akasema hii yenu na hii nimepewa mimi zawadi. Mtume akapanda mimbari, akauliza kwa nini asikae nyumbani kwa baba yake au mama yake aone kama ataletewa zawadi! Iko Bukhari na Muslim. Sasa wewe wakikuhamishia stoo kesho, yule kijana atakufuata huko na buku yake?

Mimi nikitoka swala ya alfajiri napita geti la saiti moja, nawaona wamesimama, buti wamezitia kwenye kiroba, macho yote kwa mtu mmoja mwenye kalamu. Mtu wa hivo akikupa buku ananunua siku yake ya kesho, na hela yenyewe ni ya nauli ya daladala kurudi Mbagala, na mwenzake asiye na cha kukupa ndo anabaki nje, hata kama hukukusudia jicho lako lishamzoea anayetoa. Kwa hiyo usiipokee tena, na uwaambie wote kwa pamoja pale getini, sio mmoja mmoja pembeni. Weka zamu, aliyekosa leo aanze kesho.

La daftari ni fupi. Kuandika jina la asiyekuwepo ni ushahidi wa uongo na ni wizi wa mali ya mwenye kampuni, Allah katuamrisha An-Nisaa aya ya 135 tushuhudie haki hata dhidi ya nafsi zetu, na kiumbe hatiiwi katika kumuasi Muumba. Ukaguzi ukija mwandiko ni wako, meneja hayumo humo.

Hofu ya kufukuzwa naielewa kabisa, nina watoto na mimi. Usiende kwa meneja na ugomvi, mwambie kwa adabu bosi mimi naandika ninaowaona kwa macho, hao wengine naomba usaini mwenyewe. Na anza leo hii kutafuta kazi kwingine huku ukiomba dua, At-Talaq aya ya 2 na 3 Allah kaahidi anayemcha atampa njia ya kutokea na kumruzuku asipotegemea.

Zile buku ulizokwisha kula ni haki za watu, istighfari peke yake haitoshi. Unaowakumbuka warudishie, uliowapoteza toa sadaka kwa niaba yao, na wakitokea siku moja wakadai, walipe.

Wallahu aalam.