Saa ya kengele kwa mama mwenye presha

Pole na majukumu, dada. Umeuliza kama umnunulie mama saa inayotoa taarifa akianguka, naye yuko kijijini na binti wa kazi. Usitazame bei ya dukani tu. Jumlisha bando la kila mwezi na chaji umeme ukikatika, halafu jiulize: ikilia saa nane usiku, nani atafika? Wewe uko Dar.

Ningeanza na mashine ya presha ya kufunga juu ya kiwiko. Za kufunga kwenye kifundo cha mkono hukosea zaidi. Mama atulie dakika 5, apimwe, binti aandike daftarini. Kwa pesa inayobaki, funga vyuma vya kushikilia chooni na taa ya sola. Mama yangu alianguka pale pale mlangoni, ndala zimelowa.