Kabla uandike noti, nenda ukakae na mpigaji

Nyinyi mnaoanza kusomea muziki chuoni hapa Nairobi karibuni sana, nimemaliza juzi tu na kuna kitu natamani ningeambiwa mapema. Mtapewa projekti za grupu, kuchanganya ala za kienyeji na za kisasa, na wengi wenu mtafanya vile sisi tulifanya, yaani mnafungua laptopu, mnapanga kodi (chords) na biti, mnaandika kila kitu kwa stafu, ile mistari mitano ya noti, halafu ndio mnatafuta mpigaji wa nyatiti, ile ala ya kamba ya Waluo, aje "kuongezea ladha". Hapo ndio tuliharibu.

Mzee tuliyempata alikuwa anatoka Kibera, matatu mbili hadi chuoni, anafika tunampa karatasi ya noti. Hasomi noti, na hana haja nazo. Nyatiti ina kamba 8, na mpigaji anazifunga kufuata sauti yake mwenyewe ya kuimba, sio kufuata ile 440 ya kibodi, yaani hertz 440 za noti A ambazo ala za kisasa hupimiwa, kwa hivyo tulipoanza pamoja ilisikika vibaya sana na mmoja wetu akamwambia mzee akaze kamba zifike kwa kibodi. Alijaribu kwa heshima lakini sauti yake ikakataa kufika huko juu, na mimi mpaka leo naona aibu nikikumbuka.

Wiki iliyofuata tuliacha vyombo tukaenda kwake, tukakaa tu tukisikiliza. Ndio nikaona jamaa ni bendi nzima peke yake, vidole viko kwa kamba, oduong'o ile pete ya chuma ya kidole gumba cha mguu inagonga mbao, gara, yaani njuga, zinalia mguuni, na bado anaimba. Sisi tulikuwa tumemwekea ngoma za kompyuta juu ya hayo yote! Tukazitoa. Kibodi nyingi zina mahali pa kushusha toni ya noti zote kidogo kidogo (sio volyumu), kwa kipimo kinachoitwa senti, nusu toni moja ni senti 100, tukaishusha ikakaribia kamba zake, na zile noti ambazo bado hazikukubaliana tukaziacha kabisa, kibodi ikabaki na sauti ndefu za chini. Kwangu huo ndio ubunifu, kujua ala yako inyamaze wapi. Mkiwa na orutu, ile fidla ya Waluo ya uzi mmoja, mtaona ni rahisi zaidi kidogo kwa sababu kidole kinatafuta noti popote kwenye ule uzi.

Rekodini kila mazoezi kwa simu, noti mtaandika baadaye.

Nauli na chakula cha mgeni wenu pangeni kabla hajaja, msingoje aulize. Na mambo ya umiliki ongeeni siku ya kwanza, andikeni kwa karatasi nani ametunga nini na kila mtu anapata asilimia ngapi, mzee akiwemo, msomeeni kwa lugha anayoielewa halafu wote mtie sahihi. Kenya tuna Sheria ya Hakimiliki ya 2001 na ile ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, zisomeni, kwa sababu wimbo wa jamii sio mali ya bure eti kwa vile hauna jina la mtunzi.

Rekodi ikikamilika mpelekeeni kopi. Sisi tulimwekea kwa memori kadi, akasikiliza mara mbili bila kusema kitu, halafu akatuonyesha pale tulipokuwa tunaingia mapema kuliko gara.