Je, dondoo za viungo vya jikoni hutuliza kolaitisi?

Umeuliza kama dondoo za rozimeri, oregano na manjano zinaweza kuchukua nafasi ya dawa za kolaitisi ya vidonda, yaani ugonjwa wa muda mrefu unaoleta uvimbe na vidonda katika utumbo mpana. Haziwezi, ingawa hoja yako ina msingi. Kavakroli iliyomo katika oregano na asidi ya kanosiki ya rozimeri hupunguza, katika seli za maabara na katika panya, kemikali zinazochochea mchochota (mwili kuvimba na kuuma), kama vile TNF-alfa; lakini utumbo wa panya uliounguzwa kwa kemikali kwa siku chache si utumbo wa mtu aliyeugua miaka kumi.

Manjano ndiyo yenye ushahidi wa kueleweka kwa binadamu. Katika jaribio la Japani lililochapishwa mwaka 2006, wagonjwa ambao ugonjwa wao ulikuwa umetulia walipewa gramu 2 za kurkumini, kemikali iliyomo katika manjano, kwa siku kwa miezi 6, pamoja na dawa zao za kawaida (hilo watu hulisahau), na waliorudiwa na ugonjwa walikuwa 2 kati ya 43, dhidi ya 8 kati ya 39 waliopewa kidonge kisicho na dawa ndani yake. Kijiko cha chai cha unga wa manjano kina takriban gramu 0.1 tu ya kurkumini, kwa hiyo mchuzi hautafikisha kipimo hicho.