Gemu za kitambo ni zilipendwa ama si zilipendwa?

Swali limetoka kwa Baba Imani wa Donholm, nalileta kwa ufupi. Juzi aliweka kwa simu ile programu ya ScummVM inayochezesha gemu za kitambo, akapata Day of the Tentacle, gemu aliyoicheza akiwa kijana kwa kompyuta ya mjomba wake, akafurahi mpaka akaandika kwa grupu ya familia "nimepata gemu yangu ya zilipendwa". Shemeji yake ambaye ni mwalimu wa Kiswahili akamjibu kwamba zilipendwa ni nyimbo, gemu haziingii hapo, tena kama ni gemu moja aseme "iliyopendwa". La pili, Imani yuko Gredi ya 5 na baba anataka waicheze pamoja kwa Kiswahili, kwa hivyo ameandika kwa karatasi vile vitenzi 9 vinavyokaa chini ya skrini, lakini kimoja kimemshinda. Alafu anauliza, hii hali inayomshika akisikia tu muziki wa kuanzia, kwa Kiswahili inaitwaje?

Baba Imani, nianze na shemeji kwa sababu hoja yake si ya kutupa. Ukilivunja hilo neno unapata zi-li-pend-w-a, yaani kiambishi cha nyimbo, wakati uliopita, mzizi, kauli ya kutendwa. Kisarufi hiyo ni sentensi nzima, "nyimbo zilipendwa", na mtu akitaka kuzitaja kama nyimbo fulani ambazo watu walizipenda lazima atie -zo-, "nyimbo zilizopendwa". Kwa hivyo mwalimu akiona "gemu ya zilipendwa" macho yake yanaona kitenzi kimekaa mahali pa jina, na ngeli imegongana, gemu ni moja na zi- ni ya wingi. Ukimfuata kwa sarufi peke yake yuko sawa.

Lakini sasa twende sokoni. Mama wa kibanda akikuuliza "nikukatie sukuma wiki ya ngapi" hakuna mtu anashangaa mbona anakata kitenzi. Sukuma wiki ilikuwa amri, isukume wiki ifike mwisho, sai ni mboga, na tunasema "sukuma hizi zimenyauka" bila kufikiria. Pata potea ni vitenzi viwili vilivyokutana vikawa jina la ule mchezo wa kuwala watu pesa mtaani. Nyama choma nayo, shule ingetaka nyama ya kuchoma, lakini nani anaagiza hivyo? Lugha huchukua sentensi inayotamkwa kila siku ikaigandisha, na ikishaganda haibadiliki tena kwa ngeli, inabaki hivyo hivyo kama jiwe, na maneno mengine ndiyo yanazunguka kuishika.

Na zilipendwa imeganda kitambo. Dalili iko mdomoni mwa shemeji mwenyewe. Muulize, wimbo mmoja wa zamani ukipigwa redioni anauitaje? Hatasema "huu ni ulipendwa". Atasema "huu ni wimbo wa zilipendwa", wimbo umoja, zilipendwa vile vile. Hapo tayari amekubali kwamba ile zi- imeacha kufanya kazi ya ngeli, neno limekuwa jina la aina, kama vile tunasema wimbo wa taarab ama wimbo wa benga. Sasa kama wimbo mmoja unaeza kuwa wa zilipendwa, gemu moja inakatazwa na nini? Mimi nimesikia mzee akionyesha Peugeot 504 iliyopaki nje ya gereji akasema "hii ni ya zilipendwa" na kila mtu pale alielewa, hakuna aliyemuuliza inaimba aje. Neno limeshatoka kwa redio likaingia mtaani. Andika "gemu ya zilipendwa" na "gemu za zilipendwa", yote mazuri. Ile "gemu iliyopendwa" ya shemeji ni sahihi pia ila haisemi kitu kile kile, hiyo ni gemu yoyote ambayo watu waliipenda hata kama imetoka mwaka jana, haina ule umri ndani yake.

Kuna mtu huwa anaongeza kwamba zilipendwa ina -li- kwa hivyo mapenzi yameisha. Hapana. -li- inaweka tendo pale lilipotokea, basi, haisemi lolote kuhusu leo. Mtu akisema "nilizaliwa Pumwani" hatujui kitu kingine chochote kuhusu maisha yake ya sasa. Ukitaka kusema bado zinapendwa Kiswahili kina njia safi kabisa, zingali zinapendwa, na hiyo -ngali ni kiambishi kizuri sana ambacho Nairobi tumekiacha kivivu tukabaki na "bado" peke yake.

Na "kitambo" yenyewe nimeitumia mara ngapi hapa? Kamusi za zamani zinaipa maana ya muda, mara nyingi muda mfupi, "ngoja kitambo kidogo". Sisi tumeivuta mpaka ikawa miaka 30. Hilo ni la siku nyingine.

Sasa vitenzi, na hapa nakushukuru kwa dhati kwa sababu sijawahi kuulizwa swali tamu kama hili. Wale ambao hawazijui hizi gemu, hazina risasi wala mbio, ni hadithi ambayo wewe ndiye unamwelekeza mhusika afanye nini na kitu gani. Wengine wanaziita gemu za jasura, neno lile lile la jasiri, na linafaa. Ya kwanza iliandikwa na Will Crowther, mtu wa programu huko Marekani ambaye pia alikuwa anapenda kutambaa mapangoni, karibu 1976, akaijenga kwa kufuata pango la kweli la Mammoth Cave kule Kentucky, na 1977 Don Woods akaipanua. Haikuwa na picha hata moja. Ulikuwa unaandika maneno mawili, kitenzi na jina, mashine inakujibu.

Na ile mashine ilikuwa inasoma herufi 5 za kwanza za kila neno tu, zingine inaziacha. Nimelifikiria hilo jambo wiki nzima. Kwa Kiingereza inawezekana kwa sababu mzizi wa kitenzi unakaa mbele. Kwetu mbele kumejaa watu: nimechukua, ninachukua, nitachukua, ukikata herufi 5 unabaki na nimec, ninac, nitac, mzizi wenyewe haujafika hata mlangoni. Lakini kuna mahali pamoja ambapo kitenzi chetu kinavua vyote na kusimama mzizi mbele, nayo ni amri: chukua, vuta, tazama, nenda. Gemu nzima ni amri! Kwa hivyo ingewezekana, japo kwa bahati, maana angalia fungua na funga. Ukikata herufi 5 unapata fungu na funga, herufi moja tu ndiyo inatenganisha kufungua mlango na kuufunga. Wangesoma 4 tungekwama mlangoni milele.

(Hapo kwa "nenda", watu wa Nairobi tunasema "enda", na Imani ataandika hivyo hivyo. Shuleni kwenda inatoa nenda, kuja inatoa njoo, kuleta inatoa lete, hizo tatu zimekataa kufuata wenzake. Mzoeshe nenda mapema.)

Hiyo ya kuandika iliendelea miaka mingi, hata King's Quest ya 1984 ambayo ilikuwa na picha na mtu anatembea bado ulikuwa unaandika amri, na ukikosea neno unaambiwa halieleweki. Mwaka wa 1987 wakaja watu wa Lucasfilm Games na Maniac Mansion, wakatoa uandishi wakaweka vitenzi vyenyewe pale chini uvibonyeze. Baadaye vikapunguzwa, na Day of the Tentacle ya 1993 ina hivyo 9 vyako.

Nimeipitia karatasi yako. Fungua, funga, sukuma, vuta, tumia, hizo usiguse, na Imani akiona sukuma atajua siri ya mboga yake. Pale ulipoandika "angalia" mimi ningeweka "tazama", si kwamba angalia ni makosa, lakini angalia pia ni onyo, "angalia usianguke", na kwa gemu iliyojaa mitego hiyo itamchanganya. "Chukua" iache, ingawa kama kitu kiko chini sakafuni okota ndiyo tamu zaidi. "Ongea na" ni sawa.

Kile kilichokushinda ni "Give", na hujashindwa wewe, ni kitenzi chenyewe. Kupa hakina amri tupu. Kula unaeza kumwamrisha mtu "kula!", kunywa "kunywa!", lakini huwezi kusema "pa!" ukanyamaza, lazima umtaje anayepewa ndani ya kitenzi: nipe, mpe, tupe, wape. Kiswahili kinaona kutoa bila mpokeaji ni jambo ambalo halijakamilika, nami hilo huwa linanigusa kila nikilifundisha. Sasa kitufe hakijui bado utampa nani. Tena mpangilio unageuka. Gemu inataka ubonyeze kitenzi, alafu kitu, alafu mtu, lakini sisi tunaanza na mtu: ukifika pale ndani ya gemu kwa George Washington na ile sigara inayolipuka, Kiswahili sanifu ni "mpe George Washington sigara", mtu mbele sigara nyuma.

Uliandika "toa" ukaifuta. Ulifanya vizuri kuifuta, toa inabeba mambo mengi, toa takataka, toa viatu, mtoto hatajua anatoa kutoka wapi. Mimi nakupendekezea "peana". Najua shemeji ataruka. Kwa sanifu -ana ni ya kutendeana, walipeana mikono, huyu kampa yule na yule kampa huyu, na kwa mtihani Imani akiandika "alipeana kitabu kwa mwalimu" atakatwa maksi, hilo mwambie wazi. Lakini Nairobi peana imepata kazi nyingine, makanga akisema "peaneni fare" haombi abiria wapeane wao kwa wao. Imekuwa kutoa kitu kikafika kwa mtu, bila kulazimika kumtaja mtu huyo kwanza, yaani kazi ile ile kitufe kinataka: peana, sigara, kwa George Washington. Mji ulihitaji kitenzi hicho ukajitengenezea. Kwa hivyo kwa karatasi weka Peana, na kando yake kwa kalamu nyekundu mwandikie: shuleni, mpe.

Nimalizie hiyo hali yako ya moyoni. Neno ambalo wazungu wanatumia, nostaljia, lilitungwa 1688 na Johannes Hofer, kijana aliyekuwa akisomea udaktari kule Basel, kwa maneno ya Kigiriki ya kurudi nyumbani na maumivu, na alilitunga kama jina la ugonjwa, ugonjwa wa watu walio mbali na kwao Uswisi. Sisi tuna methali, yaliyopita si ndwele tugange yajayo, na ndwele ndio huo ugonjwa. Kile yeye alikiita maradhi lugha yetu ilishakataa kukiita hivyo, na nafikiri ndio maana hatuna neno moja lililokaa kama la daktari. Hamu inatazama mbele, hamu ya kula, hamu ya kukuona. Majonzi yana msiba ndani. Nimemiss inaeleweka na kila mtu na sitamkataza mtu.

Lakini sikiza watu wa Pwani wanavyosema "tumekukumbuka" kwa mtu aliyepotea siku nyingi. Hawamaanishi kwamba walikuwa wamemsahau sasa wamejua jina lake. Wanamaanisha kukosekana kwake kumewafikia. Hiyo -me- na yule mtendwa ndani ndio wanafanya kazi yote. Naikumbuka hiyo gemu, hapo unaijua tu. Nimeikumbuka, hapo imekuja ikakushika. Ukirudi kwa grupu ya familia andika hiyo, nimeikumbuka, na shemeji hatakuwa na la kusahihisha.

Na Imani akishazoea mwelekeze kwa chumba cha Ed, mmoja wa wahusika wa gemu, mle ndani ya jumba, kuna kompyuta, atumie. Maniac Mansion nzima iko mle, waliificha ndani ya hii, zilipendwa ndani ya zilipendwa. Ila andaa karatasi nyingine kubwa, kule amri ni 15, na utakuta kufungua mlango na kufungua kufuli ni vitufe viwili tofauti, hiyo isikutishe. Mlango ni fungua. Kwa kile kingine chukua neno ambalo wengi tumelisahau, la mlango uliokomewa kwa komeo: komoa.